Zahanati ya Malozyomovo

Anna amekwisha kufa kabla hatujamfahamu. Katika hadithi fupi ya Anton Chekhov ambayo kwa Kiswahili naiita "Nyumba yenye Ghorofa Ndogo", iliyochapishwa mwaka 1896 katika jarida la Russkaya Mysl, habari zake tunazipata juu juu tu: wiki iliyopita alifariki akijifungua, na lau kungekuwa na zahanati jirani, angekuwa hai. Anayesema hivyo ni Lida, binti wa ukoo wa kikabaila anayefundisha shule ya kijiji. Anayemjibu ni msimulizi wa hadithi, mchoraji wa mandhari, ambaye kiangazi kile amejikalia kwenye shamba la rafiki yake bila kazi ya maana. Mchoraji anasema kifo cha Anna si hoja. Hoja ni kwamba akina Anna wote wanainamia ardhi tangu alfajiri mpaka giza, wanaugua kwa kazi isiyo na kiasi, wanazeeka mapema, na watoto wao wanaanza tena pale pale walipoanzia mama zao. Watu hawa wamefungwa mnyororo, na zahanati, shule na maktaba ndogo za kina Lida hazikati mnyororo huo. Zinauongezea pete.

Nilipoisoma hadithi hii mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nilikuwa upande wa mchoraji bila kusita. Karibu darasa zima lilikuwa upande huo. Chekhov amempa mchoraji maneno matamu, amempa mapenzi na mdogo wake Lida, amempa hata huzuni ya mwisho wa hadithi. Lida amepewa sauti kali na desturi ya kuzungumza kana kwamba yuko mbele ya ubao. Nani angemchagua Lida?

Mama yangu ni mkunga. Amefanya kazi katika zahanati za vijijini tangu sijazaliwa. Likizo moja nilimsimulia hadithi hii tukichambua mchele, nikaitia chumvi kidogo pale penye mnyororo kwa sababu ndipo nilipopapenda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo Anna alikuwa umbali gani na hospitali?"

Nikamwambia hadithi haisemi.

"Basi huyo mchoraji wako hajui anachobishania," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nimerudi kwenye hadithi hii sasa, nikiwa shahada ya uzamili, kwa sababu ya swali ambalo wanahistoria wa Urusi wamelibishania zaidi ya karne nzima: je, mabaraza ya kuchaguliwa yaliyoruhusiwa chini ya utawala wa kiimla wa matsar yalileta mageuzi ya kweli, au yalikuwa pambo tu la kumfanya mfalme aonekane wa kisasa? Naona ubishi wa sebuleni kwa kina Lida ni ubishi huohuo. Tena naona Chekhov ameuandika kwa uangalifu kuliko wengi wetu tulivyousoma, kwa kuwa macho yetu yalikuwa kwenye mapenzi.

Kwanza baraza lenyewe. Lida si mfadhili anayegawa nguo kuukuu. Kazi zake zote zinapitia zemstvo, yaani halmashauri ya kuchaguliwa iliyoanzishwa kwa sheria ya Januari 1864, chini ya Tsar Alexander II, miaka mitatu baada ya watwana wa mashambani kuachiwa huru. Kila wilaya ilipata baraza lake na kila jimbo la juu likapata lake, ingawa si nchi nzima: ni majimbo 34 tu ya Urusi ya Ulaya yaliyokuwa na zemstvo kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Wapigakura waligawanywa mafungu matatu: wenye mashamba binafsi, watu wa mijini, na jumuiya za wakulima, ambazo zenyewe zilichagua kwa kupitia wajumbe. Mwenyekiti wa baraza hakuchaguliwa na wajumbe, bali alikuwa kiongozi wa makabaila wa mahali hapo kwa wadhifa wake. Mambo ya siasa ya nchi hayakuwahusu. Waliachiwa barabara, madaraja, shule, hospitali, akiba ya nafaka kwa ajili ya njaa, na bima ya moto kwa nyumba za vijijini. Kwa ufupi, waliachiwa vitu ambavyo mfalme hakutaka kusumbuliwa navyo. Polisi hawakuwa chini yao. Hata kodi yao wenyewe hawakuweza kuikusanya bila kuwategemea polisi wa serikali kuu.

Lakini kodi waliweza kuitoza. Naomba msomaji alishike hilo, maana nitalirudia.

Mapema katika hadithi, Lida amekuja na orodha ya michango kwa ajili ya watu wa kijiji cha Siyanovo waliounguliwa nyumba. Hataki kupiga soga. Anaeleza nyumba ngapi zimeungua na watu wangapi wamebaki bila makazi, anawapa orodha watie saini, basi. Muda mfupi baadaye anamkemea Belokurov, mwenyeji wa mchoraji: kwa nini hatumikii zemstvo? Kwa nini hajahudhuria hata kikao kimoja? Belokurov ni kijana mwenye shamba, anavaa koti la kikulima, anakunywa bia na kulalamika kwamba hakuna anayemwelewa. Tunamcheka, na kemeo la Lida linatupita kama ukali wake wa kawaida.

Halijatakiwa kutupita. Kwa sheria ile, mwanamke hakuweza kuwa mjumbe wa zemstvo. Mwanamke mwenye mali ya kutosha aliweza kuhesabiwa katika uchaguzi, lakini kura yake ilipigwa na mwanamume aliyemwakilisha. Kwa hiyo tunachokiona ukumbini ni mwanamke anayeijua kila barabara ya wilaya yake, asiyeruhusiwa kuketi barazani, akimuuliza mwanamume anayeruhusiwa kwa nini haendi. Ukimsoma Lida ukiwa na habari hiyo, sauti yake haibadiliki. Inabaki kali vilevile, ila sasa ukali una sababu. Nimesoma hadithi hii mara nyingi nikimlaumu kwa kuongea kwa sauti kubwa, bila kujiuliza ni wapi kwingine angeweza kuongea.

Mchoraji, kwa upande wake, hakubuni hoja zake. Miaka ishirini kabla yake, katika riwaya ya Anna Karenina iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1875, Tolstoy alimpa Levin hoja zinazokaribiana nazo. Levin amejiuzulu zemstvo ya wilayani kwake. Anamwambia rafiki yake kwamba ni mchezo wa kuigiza bunge, na ni njia ya genge la wilaya kujipatia vijisenti. Baadaye kaka yake anapomlaumu, akisema pesa zinalipwa, zinaishia kwenye mishahara, na bado hakuna shule, hakuna wauguzi, hakuna wakunga, Levin hakatai. Anasema tu kwamba wilaya ni versta za mraba elfu nne (versta moja ni kilomita moja na kidogo), yenye matope, dhoruba za theluji na misimu ya kazi, na haoni vipi tiba itaweza kufika kila mahali. Barabara mbovu? Farasi wake wanampitisha hukohuko.

Nampenda Levin, karibu kila anayeisoma riwaya ile anampenda. Lakini linganisha maneno ya ndugu hawa wawili na swali la mama yangu. Kaka mtu anasema mkunga hayupo, mdogo mtu anasema nchi ni kubwa mno. Wote wawili wanapima umbali, kisha mmoja anautumia kama sababu ya kwenda kulima na kutafakari roho yake. Na alikuwa na haki kwa kiasi fulani, kwa sababu mwaka 1875 zemstvo nyingi zilikuwa zimefanya machache sana. Katika wilaya nyingi daktari alikuwa mmoja, akizunguka kwa gari la farasi kutoka kituo hadi kituo, na mgonjwa akipona au akifa kati ya ziara mbili. Kazi kubwa waliachiwa matabibu wasaidizi.

Kilichotokea kati ya Levin na Lida ndicho kiini cha ubishi wote, nacho kilitokea polepole, bila tangazo lolote kutoka Petersburg. Zemstvo moja baada ya nyingine iliacha daktari wa kuzunguka ikagawa wilaya katika maeneo, kila eneo na daktari wake anayekaa hapohapo, na hospitali ndogo. Nyingi zikafuta ada. Mkulima aliyeingia hospitali ya namna hii alitibiwa bila kulipa mlangoni, jambo ambalo nchi tajiri zaidi za Ulaya wakati ule hazikuwa nalo vijijini. Shule za zemstvo zikaongezeka. Wakaajiriwa walimu, mabwana shamba, na watakwimu waliopita nyumba hadi nyumba wakihesabu farasi na ekari. Watu hawa hawakuchaguliwa na yeyote wala hawakuwa maofisa wa mfalme, na mwaka 1900 naibu gavana mmoja wa Samara, kwa dharau, aliwaita kundi la tatu. Jina likawaganda, nao wakalipenda.

Chekhov alikuwa mmoja wao, walau kwa vipindi. Alikuwa daktari. Mwaka 1892, mwaka uleule aliohamia shamba lake la Melikhovo kusini mwa Moscow, njaa kubwa ilikuwa imepita na kipindupindu kilikuwa kinakuja, naye akajitolea kwa zemstvo ya Serpukhov kusimamia eneo lenye vijiji 25, viwanda vinne na nyumba moja ya watawa, bila mshahara. Alizunguka kwa matajiri akiomba pesa za kujenga vibanda vya wagonjwa kama ombaomba. Akajenga shule ya Talezh mwaka 1896, ya Novosyolki mwaka 1897, ya Melikhovo mwaka 1899. Mtu huyu, mwaka uleule wa shule ya Talezh, ndiye aliyechapisha hadithi ambamo shule na zahanati vinaitwa pete za mnyororo, na akamwachia anayesema hivyo nafasi yote ya kusimulia.

Wahakiki hupenda kuuliza Chekhov alikuwa upande gani. Kuna wanaosema alimchukia Lida kwa sababu ya kiburi chake, na wanaosema mchoraji ni mvivu anayejitetea. Sioni haja ya kuchagua. Naona mtu aliyetoka kuhesabu matofali ya shule akaenda mezani kuandika hoja kali kuliko zote dhidi ya matofali hayo, kwa sababu alijua hoja ile haikuwa upuuzi. Kodi ya zemstvo kwa kila kipande cha ardhi mara nyingi ilikuwa nzito zaidi kwa shamba la mkulima kuliko kwa la kabaila. Anna, kama familia yake ilikuwa na shamba, alikuwa analipia zahanati ambayo haikuwepo. Mchoraji angelijua hilo, angekuwa na hoja bora kuliko mnyororo. Lakini mchoraji hapendi tarakimu.

Halafu kuna mfalme. Mwaka 1890 Alexander III alibadilisha sheria ya zemstvo: nafasi za wakulima zikapunguzwa, na wajumbe wao hawakuchaguliwa tena na vijiji, bali vijiji vilipendekeza majina na gavana akateua. Januari 1895 mwanawe, Nicholas II, akipokea wawakilishi waliokuja kumpongeza, alisema kwamba matumaini ya zemstvo kushiriki katika kuendesha nchi ni ndoto zisizo na maana. Hadithi ya Chekhov ilitoka miezi kumi na mitano baadaye. Hakuna tsar ndani yake, wala gavana, na udhibiti wa machapisho usingependa sana waonekane. Lakini kuna kikomo kisichotajwa ambacho wahusika wote wanazunguka ndani yake. Lida anaweza kugombania zahanati. Hawezi kugombania sheria inayoamua nani atagombania.

Mchoraji anakiona kikomo hicho na anakata tamaa. Lida anakiona, au pengine hakioni, na anafanya kazi. Hapa ndipo nilipobadili upande, ingawa si mzima mzima. Ukipima mageuzi kwa kuuliza kama mfalme aligawana madaraka, jibu kwa mwaka 1896 ni hapana, na mchoraji ameshinda. Ukipima kwa kuuliza mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alitembea umbali gani mwaka 1865 na umbali gani mwaka 1905, jibu linatofautiana wilaya hadi wilaya, lakini kwa mamilioni ya watu umbali ulipungua. Na ulipunguzwa na mabaraza yaleyale ya makabaila, madaraja na bajeti, yenye kodi yake.

Msomaji atasema: na bunge je? Maana baada ya vurugu za mwaka 1905 mfalme alilazimika kutoa lile Tangazo la Oktoba, na Aprili 1906 Duma ikafunguliwa. (Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jina hilo bila kumwona mnyama mwenye mbio. Duma ya kwanza kweli ilikimbia: ilidumu siku 72.) Hili ndilo lililokuwa baraza kubwa, la nchi nzima, ambalo watu walilimwagia damu. Lilidai ardhi kwa wakulima, likavunjwa. Duma ya pili ilifunguliwa Februari 1907, ikavunjwa tarehe 3 Juni, na siku hiyohiyo, kinyume cha sheria za msingi ambazo mfalme mwenyewe alizitia saini mwaka mmoja kabla, sheria ya uchaguzi ikabadilishwa ili wenye mashamba makubwa wapate karibu nusu ya wajumbe wanaochagua wabunge. Turkestan ikafutiwa uwakilishi wote. Tena kulikuwa na kifungu cha 87, kilichomruhusu mfalme kutunga sheria wakati Duma iko likizoni. Mwaka 1911 waziri mkuu Stolypin aliposhindwa kupitisha mswada, aliwapeleka wabunge likizo ya siku tatu, akautangaza kuwa sheria, kisha akawaita warudi. Mswada wenyewe, nani asingecheka, ulikuwa wa kuanzisha zemstvo katika majimbo ya magharibi.

Kwa hiyo Duma ilikuwa na kinywa. Maswali yaliulizwa mle ambayo hayakuwahi kuulizwa hadharani Urusi, na magazeti yaliyachapisha. Hilo si dogo. Lakini mkono ilikuwa nao mfupi, na pale ulipofika mbali zaidi, nadhani, ulifika kwa kuazima mkono wa mtu mwingine. Sheria ya Mei 1908 ilitoa pesa za serikali kuu kwa shule za msingi kwa halmashauri zitakazokubali mpango wa elimu kwa watoto wote, bila ada, kila shule ikihudumia eneo la versta tatu kuizunguka. Nani angejenga shule hizo? Zemstvo na miji. Nani angefundisha? Walimu waliokwisha kuajiriwa, akina Lida wa rubli 25 kwa mwezi. Duma ilipiga kura, lakini kura isingekuwa na pa kutua kama isingekuwepo miaka arobaini ya vikao vya wilaya kuhusu paa na kuni. Miongoni mwa vijana walioingia jeshini, mwaka 1874 aliyejua kusoma alikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwaka 1913 walikuwa zaidi ya theluthi mbili. Zemstvo haistahili sifa hizo peke yake. Kanisa lilikuwa na shule zake, na mkulima aliyekwenda kutafuta kibarua mjini alijifunza kusoma kwa sababu mji ulimlazimisha. Hata hivyo, Levin aliyesema kwamba wakulima hawataki shule alikuwa amekosea, na alikosea ndani ya maisha yake mwenyewe.

Versta tatu. Niliposoma masharti ya sheria ile nilimkumbuka mama na mchele wake.

Sasa turudi kwenye hadithi, kwa sababu imebaki sehemu ambayo darasani tuliiruka. Wilaya ya kina Lida inaendeshwa na mtu anayeitwa Balagin, mwenyekiti wa bodi ya zemstvo, ambaye amewagawia wapwa zake na wakwe zake vyeo vyote. Lida anamtaja mapema, kwa hasira, akisema vijana waungane kuunda chama chenye nguvu. Kisha yanakuja mapenzi, anakuja ugomvi wa mnyororo, Lida anamhamisha mdogo wake ili asionane na mchoraji, na msomaji anamchukia moja kwa moja. Miaka inapita. Mchoraji, akisafiri kwa treni kwenda Crimea, anakutana na Belokurov, na Belokurov anamweleza habari za nyumbani: Lida bado anafundisha, amekusanya watu wanaomwelekea, na katika uchaguzi uliopita wamemwangusha Balagin, aliyeishika wilaya yote mkononi.

Basi. Tukio pekee la kisiasa katika hadithi nzima, badiliko pekee la madaraka, linasimuliwa kama umbea wa ndani ya treni, na msimulizi halijali. Anachotaka kusikia ni habari za msichana aliyempenda. Chekhov hamkosoi kwa hilo, lakini ameuweka ushindi wa Lida mahali ambapo mtu aliyesema hakuna kinachobadilika anausikia kwa masikio yake na hatambui amesikia nini. Nadhani hii ndiyo hukumu ya hadithi, kama ina hukumu. Mwizi wa wilaya anaweza kuangushwa kwa kura, chini ya mfalme asiyehojiwa, na mwanamke asiye na haki ya kupiga kura yake mwenyewe. Ilichukua miaka. Haikumgusa mfalme hata kidogo.

Nisingependa kumwacha Lida ametakata, kwa sababu kuna jambo moja ambalo yeye na mchoraji wanafanana nalo, na halinitoki kichwani. Wote wawili wanabishana juu ya Anna. Mmoja anamhitaji amekufa kwa kukosa zahanati, mwingine anamhitaji amekufa kwa mfumo mzima. Wakulima katika hadithi hii hawabishani na yeyote. Hatuelezwi mume wa Anna alitaka nini, ardhi au mkunga au vyote viwili. Sheria ya 1890 ilifanya hivyohivyo kwa kalamu ya gavana: iliwaacha wakulima barazani kama majina yaliyoteuliwa na mtu mwingine. Na kwa ngazi ya chini kabisa, ya kata kama tungesema sisi, zemstvo haikuwepo. Wanamageuzi waliiomba kwa miaka. Ilikuja Mei 1917, kwa amri ya Serikali ya Muda iliyoongozwa na Georgy Lvov, mtu aliyelelewa na siasa za zemstvo, tena ikaja na kura kwa wote, wanawake pia. Uchaguzi ulipofanyika miezi michache baadaye, wakulima wengi hawakujitokeza. Walikuwa na kamati zao wenyewe na walikuwa wanagawana ardhi. Mwaka 1918 zemstvo zikafutwa, na vijijini hapakuwa na wengi wa kuzilinda. Hospitali na shule zilichukuliwa na serikali mpya zikaendelea kufanya kazi, mara nyingi kwa wauguzi na walimu walewale.

Nilimpigia mama simu nikamwambia nimemaliza kuandika. Akauliza kama ile zahanati ilijengwa. Nikafungua kitabu tena kutafuta. Zahanati ya Malozyomovo inatajwa jioni ya ugomvi, Lida anapoingia kutoka safarini akivua glavu zake na kumpa mama yake habari: kabaila fulani wa cheo cha juu yuko Malozyomovo kama mgeni, anatoa salamu, na ameahidi kulipeleka suala la zahanati katika baraza la jimbo, ingawa anasema matumaini ni madogo. Baada ya hapo haitajwi. Balagin ameanguka, Lida anafundisha, nyumba imenyamaza, na hatuelezwi kama pana jengo. Ila kuna neno dogo katika ile ahadi ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Mgeni yule hakuahidi kulipeleka suala lile. Aliahidi kulipeleka tena.